Sarafu na Daftari

Mara nyingi wanafunzi wa Moshi na wa vijiji vya mlimani huniuliza, "Mwalimu, twapenda kukusanya sarafu za kale. Tuanze kwa kununua ipi?" Nami huwajibu, "Msinunue hata moja. Kwanza tafuteni daftari." Wengine hucheka, wakidhani nafanya mzaha. Sifanyi mzaha, na sababu yake nitawaeleza.

Nilipokuwa na umri kama wenu, bibi yangu wa Kibosho alikuwa na sarafu moja ya Kijerumani yenye tundu katikati. Aliitunga katika uzi mmoja na ufunguo wa sanduku lake. Baba yake aliipata katika ujira, zamani zile reli ya Tanga ilipokuwa ikiletwa Moshi, nayo ilifika mwaka 1911. Sarafu hiyo ilikuwa imefubaa na kuwa nyeusi. Siku moja bibi alipokwenda kukata majani ya ng'ombe, niliichukua pasipo ruhusa, nikaisugua kwa majivu na mchanga hata ikang'aa. Nilitumaini kusifiwa. Bibi aliipapasa kwa kidole gumba, akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Hii siyo ile ya baba." Tarakimu za mwaka zilikuwa zimefutika.

Hilo lilikuwa kosa, lakini kosa langu kubwa zaidi ni kwamba sikumwuliza neno. Baba yake alifanya kazi gani? Alilipwa sarafu ngapi kwa mwezi? Kwa nini aliiweka hii moja asiitumie? Bibi amekufa zamani. Sarafu ninayo mpaka leo, habari zake sinazo. Wazee wetu walisema kweli: mali bila daftari huisha bila habari.

Sarafu ni shahidi. Kila siku sokoni twasikia mtu akisema, "Sina hela." Je, mwajua neno hilo limetoka wapi? Hapo kwanza Wajerumani walitumia rupia moja yenye pesa 64. Mwaka 1904 walibadili hesabu, rupia moja ikawa na heller 100. Watu wakaiita sarafu hiyo hela. Wajerumani walikwisha kuondoka, rupia nayo ikafuata, na mwaka 1921 ikaja shilingi ya Afrika ya Mashariki yenye picha ya simba na milima nyuma yake. Hela haitumiki tena, bali jina lake limebaki midomoni mwetu. Anayeishika mkononi aliyonayo babu yake aweza kuyaona mambo hayo yote kwa macho yake.

Basi, aanzaye aanze wapi? Aanze na sarafu zitumikazo sasa: shilingi 50, 100, 200 na 500. Aziangalie pande zote mbili, asome mwaka, atazame mnyama na sura ya mtu, aandike. Hilo ni zoezi la macho, wala halina gharama. Kisha awaendee wazee wa nyumbani. Katika makopo na masanduku ya nyumba nyingi zimo bado sarafu zilizotolewa mwaka 1966, zenye sura ya Mwalimu Nyerere: senti 20 ya mbuni, senti 50 ya sungura, na shilingi yenye mkono ulioshika mwenge. Mtoto wa Kilimanjaro aitazame shilingi hiyo kwa makini, maana usiku wa Uhuru, Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda aliuwasha mwenge juu ya kilele cha mlima wetu huu.

Yaweza kuwa atapata na senti 10 au senti 5 ya mwaka 1936, yenye tundu, iliyoandikwa jina la Mfalme Edward wa Nane. Mfalme huyo hakumaliza hata mwaka mmoja katika kiti chake, wala hakuvikwa taji, lakini jina lake lilifika mpaka masoko ya kwetu. Tena, wako baba na kaka zetu wachukuao mizigo ya wageni wapandao mlima. Mara nyingi wageni huwapa sarafu za kwao, na wabadilishaji fedha hupenda noti, sarafu huzikataa. Sarafu hizo hukaa nyumbani bila kazi. Omba uzione, kisha tafuta nchi zake katika ramani.

Nimesema omba, wala sikusema chukua. Sarafu ya bibi ni ya bibi. Akikataa kukupa, usimsumbue. Weka karatasi nyembamba juu yake, usugue polepole kwa kalamu ya risasi, na picha yote itatokea. Mrudishie mali yake, nawe ubandike karatasi katika daftari. Chini yake andika nchi, mwaka, thamani, jina la aliyekuonyesha, mahali ilipopatikana, na maneno aliyokuambia. Kwa njia hii hata mtoto asiye na senti moja aweza kuwa mkusanyaji mwema kuliko tajiri mwenye kabati zima asilojua habari zake.

Mtu atasema, "Kuandika mahali kwafaa nini?" Sikilizeni. Mwaka 1944 askari mmoja aliokota sarafu 9 katika mchanga wa Visiwa vya Wessel, kaskazini ya Australia. Zilikaa kwake mpaka mwaka 1979, ndipo alipozipeleka kwa wataalamu. Ikaonekana kwamba 5 kati yake ni za masultani wa Kilwa, mji wetu wa pwani. Zilivukaje bahari kubwa namna ile? Mpaka leo wataalamu wanabishana. Lakini ramani yenye alama ya mahali zilipookotwa ilihifadhiwa, na kwa hiyo mwaka 2013 watu waliweza kwenda huko kuchunguza. Kama ingekosekana alama ile, swali hilo lisingekuwa na pa kuanzia.

Wako pia wanaosema kwamba sarafu ya kale ni ya kuuza tu. Naam, ziko zenye bei kubwa. Mwaka 1916, wakati wa vita, Wajerumani walipiga chapa rupia 15 za dhahabu katika karakana ya reli huko Tabora, zenye picha ya tembo na mlima nyuma yake. Matajiri huzitafuta sana, na kwa sababu hiyo wadanganyifu huziiga. Mwanafunzi asitupe akiba yake huko. Wala asiuze kwa bei ya soda sarafu ambayo nyumbani kwao imeshikwa na vizazi vitatu, maana fedha ya soda huisha siku ile ile.

Mwisho, nawasihi mzitunze vema. Ishike sarafu kwa ukingo wake, uiweke kavu, kila moja katika karatasi yake. Usiisugue kwa majivu, wala mchanga, wala ndimu. Weusi wake si uchafu wa kuonea haya. Ni umri wake, kama mvi za mzee.

Jioni ya leo, kabla ya kutafuta sarafu yo yote, kaeni karibu na mzee wa nyumbani mkamwulize: "Fedha ya kwanza uliyoishika ilikuwa ipi, nawe uliipataje?" Kisha andikeni jibu lake. Sarafu yaweza kungoja ndani ya sanduku miaka mia. Mzee hangoji hivyo.