Mashabiki wa Indianapolis walistahili mbio

Juni 19, 2005, mjini Indianapolis, Marekani, magari 20 ya Formula 1 yalitoka kwa mzunguko wa maandalizi. Ulipokwisha, 14 yakarudi gereji na kuegeshwa. Yakabaki sita tu, ya Ferrari, Jordan na Minardi. Majukwaani watu wakazomea, na chupa zikarushwa barabarani.

Chanzo kilikuwa tairi. Ijumaa iliyotangulia, tairi la nyuma la dereva Ralf Schumacher lilimsaliti kwenye kona ya 13, akagonga ukuta kwa kishindo. Michelin, kampuni iliyoyapa magari yale 14 matairi, ikakiri kwamba matairi yake hayangehimili kona hiyo mbio nzima. Na kanuni za mwaka ule zilimlazimu dereva kutumia seti moja tangu kufuzu hadi mwisho.

Timu zilizotumia matairi hayo zikaomba kona hiyo iwekewe vizuizi vya kupunguza mwendo, hata kama zingekosa pointi. Shirikisho la FIA, linalosimamia Formula 1, likakataa katakata: waliokuja na matairi mabovu wapunguze mwendo wenyewe.

Hatuwalaumu madereva. Hakuna anayepaswa kuweka roho yake rehani. Michelin ilibeba lawama yake, ikaahidi kurudisha fedha za tiketi. Lakini FIA ilijua hatari mapema, ikapewa njia ya kuokoa siku, ikachagua kushikilia kanuni huku maelfu waliolipa viingilio wakiambulia patupu. Msimu wa 2006 ubadilishaji wa matairi ukaruhusiwa tena. Mashabiki wale hadi leo wanadai FIA radhi.