Mshahara wa Ughaibuni Usiwe Siri

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hiyo leo nawapelekea vijana wetu wanaojiandaa kupanda ndege kwenda Uarabuni kutafuta riziki, pamoja na wazazi wanaowaaga. Ujira wa wengi wao hupotea bila habari, kwa kuwa tangu mwanzo haukuandikwa mahali ambapo mwenyewe angeweza kuusoma.

Usiku mmoja binti wa jirani yetu hapa Kisauni aliniletea mkataba wake nimsomee. Kesho yake alikuwa anasafiri kwenda Saudi Arabia kufanya kazi za nyumbani. Karatasi zilikuwa nne, Kiarabu upande wa kulia, Kiingereza upande wa kushoto, Kiswahili hakuna. Jina lake lilikuwapo. Nambari ya pasipoti ilikuwapo. Muda wa miaka miwili ulikuwapo. Penye mshahara palikuwa na nukta tupu zimepangwa mstari, na mwisho wa karatasi sahihi yake ilikwisha kuwekwa. "Ajenti amesema ni riyali elfu moja, ami," aliniambia. "Amesema watajaza wenyewe." Niliona vibaya kumtia hofu usiku wa safari, nikamwombea heri. Kunyamaza kule kunaniuma mpaka leo.

Alipofika alilipwa riyali 800. Alidhani ndiyo kawaida ya huko. Mwezi wake wa tano huko, akiwa kwenye lango la shule akisubiri watoto wa tajiri wake, alikutana na Mkenya mwenzake, wakaulizana hali, kisha wakaulizana mshahara. Mwenzake alikuwa akipata 1,000 kwa kazi ile ile. Alipokwenda kudai, alitolewa karatasi yake mwenyewe: juu ya zile nukta pameandikwa 800, kwa kalamu nyingine, na chini yake sahihi ni yake. Hakuwa na la kujibu. Tupige hesabu, ndugu msomaji. Riyali 200 kila mwezi kwa miezi 24 ni riyali 4,800. Ukizigawa kwa huo mshahara wa 800, utaona kuwa miezi sita kamili binti yule aliosha, alipika na kulea bure.

Wapo watakaosema, si angeacha kazi akatafute kwingine? Anayesema hivyo haijui kafala. Viza ya mfanyakazi wa nyumbani imefungwa kwenye jina la kafili, yaani mwajiri aliyemwombea. Akitoka nyumbani kwa kafili bila ruhusa huweza kuripotiwa kuwa ametoroka, na tangu hapo yeye ndiye mkosaji mbele ya sheria, hata kama anadai mshahara wa mwaka mzima. Nchi kadhaa za Ghuba zimelegeza kamba hiyo miaka ya karibuni, lakini wafanyakazi wa nyumbani mara nyingi wameachwa nyuma. Saudi Arabia ilipoanza kutekeleza mageuzi yake mwaka 2021, wao hawakuhesabiwa. Kwa hiyo nguvu ya mtu wetu iko hapa nyumbani, kabla hajapanda ndege. Akishatua kule, nguvu hiyo imebaki uwanja wa ndege.

Lipo jambo jingine linaloumiza. Huko Ghuba kazi moja hulipwa kwa rangi ya pasipoti. Mfilipino na Mkenya huweza kudeki nyumba mbili zinazopakana, na mshahara wa mmoja ukazidi wa mwenzake. Je, Mfilipino anajua kudeki zaidi? La hasha. Mwaka 2006 serikali ya Ufilipino ilitangaza hadharani kwamba raia wake hatakwenda kufanya kazi za nyumbani ng'ambo kwa chini ya dola 400 kwa mwezi, sawa na riyali 1,500 za Saudia. Bei ilitajwa, kila mama kijijini akaijua, kila ajenti akaijua. Nao waajiri walilalamika, lakini Wafilipino waliendelea kuajiriwa. Bei iliyotajwa hadharani ina wa kuitetea.

Hata Ghuba yenyewe imeonyesha kwamba jambo hili linawezekana. Tangu Machi 2021 sheria ya Qatar imeweka kima cha chini cha riyali 1,000 kwa kila mfanyakazi, wa nyumbani naye akiwamo, awe ametoka taifa lolote. Mwajiri asiyetoa malazi huongeza 500, na asiyetoa chakula huongeza 300. Saudi Arabia nayo, Julai 2024, ilianza kwa awamu kutaka mishahara ya wafanyakazi wa nyumbani ipite benki au pochi za simu kupitia mfumo wake wa Musaned, ili malipo yaache alama. Na tukiangalia mbali zaidi, kule Marekani mwajiri anayemwombea mgeni viza ya H-1B, ile ya wataalamu kama wahandisi wa kompyuta, hulazimika kuiambia Wizara ya Kazi mshahara atakaolipa, na kuwatangazia wafanyakazi wake pale pale kazini. Ikiwa mshahara wa mhandisi unaweza kubandikwa ukutani watu wakausoma, wa binti yetu unafichwa kwa manufaa ya nani?

Najua desturi yetu. Kumwuliza mtu analipwa kiasi gani twaona ni utovu wa adabu, na walio ng'ambo wana sababu zao za kuficha. Akitaja kipato, simu za kuombwa hazitakatika: karo ya huyu, hospitali ya yule, bati la nyumba ya mjomba. Sikatai. Lakini kuna tofauti kati ya kuwaficha jamaa akiba yako na kumficha mwenzako wa kazi bei ya kazi. Siri ya kwanza inalinda mfuko wako. Ya pili inalinda mfuko wa ajenti na wa kafili. Mficha uchi hazai, na wafanyakazi wanaofichana mishahara hawataipandisha kamwe.

Basi nakuusia wewe unayesafiri. Usitie sahihi juu ya nukta tupu. Mshahara uandikwe kwa tarakimu na kwa maneno, kwa sarafu inayojulikana, na siku ya kulipwa itajwe. Uliza makato: nani analipa tiketi, nani analipa vipimo vya afya? Piga picha kila ukurasa, umwachie mama yako moja na rafiki yako moja. Ukifika, nunua daftari la mistari, andika kila mwezi tarehe na kiasi ulichopokea. Na ukikutana na mwenzako langoni mwa shule, mtajie unacholipwa, naye akutajie.

Wazazi, msikubali kuaga mtoto kabla ya kuiona ile karatasi kwa macho yenu. Asiyejua kusoma ampelekee mwalimu wa mtaa, na huyo mwalimu asione haya kusema ukweli kama nilivyoona mimi.

Serikali zetu, kuanzia Nairobi, Dodoma na Zanzibar hadi Kampala, nanyi mna deni. Mkataba Na. 189 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa Geneva Juni 2011, unataka mfanyakazi wa nyumbani apewe masharti yake kwa maandishi kabla ya kuvuka mpaka. Tangazeni kima cha chini cha kila nchi kwenye redio, misikitini na makanisani, kwa Kiswahili, mpaka kila mtoto akijue kama ajuavyo bei ya unga. Ajenti atakayepatikana na mkataba wenye pengo penye mshahara anyang'anywe leseni.

Nanyi mnaoajiri, hasa ndugu zetu wa Muscat mnaozungumza Kiswahili sebuleni kwenu, mnajua kuwa Mtume aliagiza mtenda kazi alipwe ujira wake kabla jasho halijamkauka. Pesa mliyompa ajenti ni baina yenu na ajenti. Haikumnunua binti wa watu, wala haifai kukatwa katika mshahara wake.

Binti wa jirani yetu amerudi. Juzi mdogo wake naye aliletewa mkataba. Dada yake aliufungua mezani mbele yetu sote, akaweka kidole penye mshahara, akasoma tarakimu kwa sauti, akasoma na maneno. Kisha ndipo akampa mdogo wake kalamu. Na kila nyumba inayosafirisha mtoto ifanye hivyo hivyo.