Siku Zilizolipiwa Zirejeshwe

Katika nyumba nyingi za Dar es Salaam mna mita ya LUKU ukutani, na mna, juu ya meza ya televisheni, kidude chenye antena na vitaa vimetavyo, ambacho watoto wa nyumba hukijua kwa jina la ruta kabla hawajajua majina ya majirani. Vyote viwili hulipiwa kabla ya kutumiwa, tena kwa simu ile ile. Walakini muamala wa kimoja una insafu na wa pili hauna. Mwenye LUKU akinunua yuniti zake jioni, kisha umeme ukakatika usiku kucha, asubuhi huzikuta pale pale alipoziacha, kwa kuwa mita haihesabu ila kile kilichopita ndani yake. Mwenye intaneti ya mwezi hakujaliwa bahati hiyo: alipe tarehe mosi, laini ife tarehe tano, fundi afike tarehe kumi na mbili, na huduma itafungwa siku ile ile ambayo ingalifungwa kama asingalipungukiwa hata saa moja.

Adha za intaneti ya nyumbani ni nyingi, na si zote zistahilizo wino. Aghalabu mteja huilaani kampuni kwa kosa la kuta zake. Nyumba za Mji Mkongwe wa Unguja na za Mji wa Kale wa Mombasa zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kwa unene ambao waashi wake waliukusudia kuzuia joto, na mawimbi ya waifai ya gigahetsi 5, ambayo ndiyo yenye kasi, hupata taabu kuupenya, ilhali yale ya gigahetsi 2.4, ingawa mwendo wake ni wa pole, hujipenyeza kwa nafuu. Wako pia waifichao ruta kabatini na kuifunika kitambaa cha kufuma isishike vumbi, kisha wakastaajabu kwamba chumbani hakufiki kitu. Na iko hesabu ambayo wengi hatuifanyi: kasi hutangazwa kwa megabiti, mafaili hupimwa kwa megabaiti, na baiti moja ni biti nane; hivyo laini ya megabiti 20 kwa sekunde, ijapofanya kazi yake yote bila hila, huleta megabaiti 2.5 tu, na filamu ya gigabaiti moja huichukua karibu dakika saba. Aliyetazamia chini ya dakika moja amejidhulumu mwenyewe, ingawa kampuni nayo, ijuayo fika kwamba wateja wake hawazitofautishi biti na baiti, haikuona haja ya kuiandika hesabu hiyo kwenye bango lake.

Laini ikifa kabisa, hayo yote hayana maana tena. Hapo mtu hupiga namba ya huduma kwa wateja, akapokewa na sauti iliyorekodiwa, akabonyeza moja, kisha tatu, kisha sifuri, akasikilizishwa muziki na sifa za vifurushi vipya vya kampuni ile ile iliyoshindwa kumpa kile cha zamani. Na baada ya subira ndefu kijana mwenye adabu, asiye na hatia yoyote katika jambo hili, humwambia aizime ruta, angoje kidogo, aiwashe. Yasipofaa hayo, huambiwa lalamiko limepokelewa na fundi yuko njiani. Mimi nimepata kuarifiwa kwa ujumbe kwamba fundi alifika kwangu akanikosa, nami wakati huo nilikuwa nimeketi barazani, mlango wazi, nikimngoja. Sina ugomvi na vijana hawa, maana hawakuuandika wao mkataba wanaoutumikia.

Wala si kila kukatika kunatokana na uzembe. Tangu mkongo wa SEACOM ulipofunguliwa Julai 2009, na EASSy mwaka uliofuata, sehemu kubwa ya Afrika Mashariki imekuwa ikiifikia dunia kwa nyuzi za kioo zilizolala chini ya bahari, badala ya satelaiti za gharama kubwa. Na bahari haina mlinzi. Februari 2012 nanga ya meli iliukata mkongo wa TEAMS nje ya bandari ya Mombasa, na tarehe 12 Mei, 2024, EASSy na SEACOM ilikatika yote miwili upande wa Afrika Kusini, hata watu wa Dar es Salaam, Nairobi na Kampala wakaketi wakitazama vioo vya simu visivyofunguka. Hakuna mkurugenzi awezaye kuiamrisha nanga. Lakini kumjua aliyeukata mkongo hakutuambii ni nani abebe hasara, na kwa sasa jawabu ni lile lile kila mara: abebe mteja, mwenye duka la kuchapisha nyaraka na mwalimu afundishaye kwa video, ambao fedha yao ilikwisha kupokewa. Fedha iliyopokewa kwa kitu kisichotolewa ni amana mkononi mwa aliyeipokea. Haigeuki faida kwa sababu tu mwezi umeandama.

Uingereza, ambako watu nao hawapungukiwi na manung'uniko ya intaneti, jambo hili limepatiwa njia. Tangu tarehe 1 Aprili, 2019, chini ya usimamizi wa Ofcom, mamlaka ya mawasiliano ya huko, kampuni kubwa zilizoingia kwa hiari katika mpango maalumu humlipa mteja zenyewe, bila yeye kuomba, ikiwa laini iliyokufa haikutengenezwa baada ya siku mbili kamili za kazi. Malipo yalianza kwa pauni 8 kwa kila siku, na pauni 25 kwa fundi aliyeahidi asitokee. Sijaona sababu ya kutuzuia kuanza na jambo dogo kuliko hilo: kumrejeshea mteja siku alizolipia akazikosa.

Nitaambiwa kwamba ni taklifu kubwa kuhesabu siku za kila nyumba. Mtambo uufungao mwezi wangu saa sita ya usiku, bila mkono wa mtu na bila kukosea hata dakika, hauwezi kusemwa kwamba haujui kuhesabu. Nitaambiwa pia kwamba ruta huzimika kwa kukosa umeme, na kampuni haiwezi kubeba lawama ya mwingine. Hoja hiyo ni ya haki, ila vifaa vingi vya faiba hutuma ishara fupi kwa mtambo mkuu vinapokatiwa umeme, kabla havijazimika, hivyo wahandisi wanajua ni nani aliyezimikiwa taa na ni nani aliyekatikiwa nyuzi. Hata hizo tarehe za mwisho za vifurushi si amri ya maumbile: mwaka 2019 kampuni kubwa kabisa ya simu nchini Kenya ilianza kuuza vifurushi visivyo na ukomo wa muda, na haikufilisika.

Basi Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, yenye kutoa leseni, na Baraza lake la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano, lenye dhima ya kutusemea, waandike sharti moja: huduma ya nyumbani ikikatika zaidi ya saa ishirini na nne kwa sababu isiyotokana na mteja, siku zilizopotea ziongezwe mwishoni mwa mwezi wake, awe amelalamika au amenyamaza, kwa kuwa wanyamazao ndio wengi na ndio wapotezao zaidi. Fidia ya ghadhabu zetu siidai. Kampuni zina desturi ya kutuletea ujumbe wa kutukumbusha kwamba kifurushi kinakaribia kwisha. Katika ujumbe huo huo ziongeze mstari mmoja, utajao tarehe mpya.