Kutoka Kilwa hadi Banjul kwa ndege: umbali unahesabiwaje, na haki iko mbali gani?

Kilwa, kandokando ya ziwa Moero, iko mbali gani na Lubumbashi? Dereva wa lori atajibu: kwa barabara ni kilomita karibu 350, na mvua ikinyesha atahesabu siku, hapana kilomita. Rubani ana jibu lingine, sababu ndege haifuati makona ya barabara.

Hesabu yake si nguvu. Kila kiwanja cha ndege kina namba zake ku ramani. Kilwa iko digrii 9.3 kusini ya ikweta. Luano, kiwanja cha Lubumbashi, iko digrii 11.6. Tofauti ni digrii 2.3, na kila digrii ni kilomita karibu 111: tunapata 255. Kiisha Kilwa iko kidogo upande wa mashariki, kwa hiyo jumla inafika karibu 270.

Kama viwanja viko mbali sana, rula juu ya ramani inadanganya, kwani dunia ni mviringo. Hapo inafaa hesabu ya duara, ao kunyoosha kamba juu ya mfano wa dunia. Kwa njia hiyo, kutoka Kilwa mpaka Kinshasa ni kilomita karibu 1,520. Mpaka Banjul, mji mkuu wa Gambia, ni karibu 5,570.

Kwa nini Banjul? Ni kule kuna makao ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, na ni kule faili ya Kilwa ilifika.

Mu Oktoba 2004, kikundi kidogo cha waasi kiliingia Kilwa. Jeshi likarudisha mji, na MONUC iliandika kwamba watu wasiopungua 73 waliuawa, wamoja bila hukumu yoyote. Askari waliletwa kutoka Pweto, karibu kilomita 110, ndani ya ndege zilizokodiwa na Anvil Mining, kampuni iliyochimba shaba na feza kule Dikulushi. Kampuni ilisema serikali ndiyo iliomba usafiri ule.

Mu Juni 2007, mahakama ya kijeshi ya Lubumbashi iliwaachilia washtakiwa juu ya mauaji yale, pamoja na watu 3 waliokuwa watumishi wa Anvil. Mu 2010 malalamiko yakapelekwa Banjul. Uamuzi ulitangazwa 2017, miaka 13 kiisha mauaji: Tume iliona serikali ya Kongo ina kosa, ikaomba walipwe dola milioni 2.5 wahanga 8 na jamaa zao, wenye kosa wafuatiliwe, waliozikwa mu makaburi ya pamoja wazikwe kwa heshima, na ukumbusho ujengwe.

Mu 2004, ndege ilipotakiwa kuleta askari, ilipatikana haraka. Watu wa Kilwa walipotafuta haki, kilomita 270 za mpaka Lubumbashi hazikutosha. Ilibidi faili iende zaidi ya mara 20 ya umbali ule. Na uamuzi wenyewe, wa kuutekeleza wako Kinshasa.

Basi wakaaji wakikutana na depite wao, wanaweza kumuuliza maulizo matatu: feza ziko wapi, makaburi yatafunguliwa lini, na ukumbusho utajengwa wapi?