Office ya bure mtandaoni ni poa, lakini ufunguo wa faili zako anao nani?

Ukipeleka laptopu kwa fundi pale Luthuli Avenue akuwekee Windows upya, hutoki kabla hajakuuliza: "Nikuwekee na Office?" Wengi wetu hujibu "weka tu". Mara nyingi kinachowekwa ni nakala iliyochakachuliwa, na ili ikubali kufanya kazi, antivairasi huzimwa kwanza. Hebu fikiria: mgeni anayetaka askari wa geti alale ndipo aingie, anakuja kufanya nini? Na ni laptopu hiyo hiyo unayoingilia eCitizen na kupigia hesabu za chama.

Sikulaumu. Januari 2025 Microsoft ilipandisha ada ya Office ya mtu binafsi kule Marekani kutoka dola 69.99 hadi 99.99 kwa mwaka, karibu Sh13,000. Kwa komredi anayengoja HELB, hiyo ni kodi ya nyumba.

Ila kuna njia halali ambayo wengi hawaijui. Word, Excel na PowerPoint zinapatikana bure kwenye tovuti ya Microsoft yenyewe ukifungua akaunti ya kawaida, na unapewa nafasi ya GB 5 ya kuhifadhi faili. Google Docs ipo tangu 2006, na ile Gmail uliyofungulia simu tayari ina GB 15. Huweki chochote kwenye kompyuta. Brauza na bando, basi. Kazi ya kikundi ndiyo inanoga zaidi: mmoja yuko Juja, mwingine Rongai, na nyote mnaandika kwenye waraka mmoja kwa wakati mmoja. Historia ya waraka inaonyesha nani aliandika nini na saa ngapi, kwa hivyo yule msee wa kujitokeza siku ya kuwasilisha pekee hana pa kujificha.

Kuna kasoro ndogo ndogo. CV uliyoipanga vizuri kwenye Docs ikifunguliwa kwa Word huweza kuyumba, jedwali huku na tarehe kule. Ipakue kama PDF, isipokuwa tangazo la kazi limetaka Word.

Kasoro kubwa ni nyingine, na haisemwi sana. Hizo GB 15 hugawanywa kati ya Gmail, picha na faili zako. Zamani nyaraka za Docs hazikuhesabiwa kabisa. Tangu Juni 2021, mpya zote zinahesabiwa, na picha vilevile. Nafasi ikijaa, Gmail haipokei tena barua. Yaani umeomba kazi, umeitwa mahojiano, na mwaliko unarudi kwa aliyeutuma kwa sababu ya video za harusi ya binamu yako.

Halafu tangu Desemba 2023, Google inaweza kufuta akaunti ya mtu binafsi isiyotumika kwa miaka miwili. Akaunti ya chuo nayo si yako, ni ya chuo. Google ilipoondolea taasisi za elimu nafasi isiyo na kikomo mwaka 2022, vyuo vingi duniani vilianza kubana hifadhi na kufunga akaunti za waliohitimu. Mradi wako wa mwaka wa nne uko huko? Tumia Google Takeout kuuhamisha kabla hujavaa joho.

Si vijana tu wanaowaza haya. Aprili 2024 jimbo la Schleswig-Holstein, Ujerumani, lilitangaza kuhamisha kompyuta zipatazo 30,000 za serikali kutoka Microsoft Office hadi LibreOffice, likitaka data ya wananchi ibaki mikononi mwake. LibreOffice ni ya bure pia, ilianza 2010, lakini unaiweka kwenye mashine yako na inafungua faili za Word. Bando likiisha, haijali.

Mimi ningezichanganya: kuandika na wenzako mtandaoni, kisha toleo la mwisho unalipakua na kulihifadhi kwenye laptopu na flashi. Hesabu za chama hasa, usiziache kwenye akaunti ya mweka hazina peke yake. Siku mkikosana, mtaziomba kwa nani?

Na kama utabaki na Docs, kuna swichi ya kufanya kazi bila intaneti kwenye mipangilio ya Drive. Iwashe leo ukiwa na bando, kwa sababu mtandao ukishapotea, haiwezi kuwashwa.