Insha ni Jaribio

Mwaka 1580 Mfaransa Michel de Montaigne alitoa kitabu, akakiita Essais, yaani Majaribio. Humo aliyapima mawazo yake mwenyewe. Huko Marekani, mwaka 1874, chuo kikuu cha Harvard kilianza kuwataka waombao kuingia waandike insha fupi.

Mwalimu atoapo kichwa cha insha, hatafuti maneno ya kitabu. Ataka kujua wewe umefahamu nini. Mwenye kunakili daftari la mwenzake aweza kupata alama njema. Lakini siku wazazi watakapomwomba awaandikie barua ya kudai shamba lao, atanakili kwa nani?

Basi tuandike wenyewe, tusome tena, tufute, tusahihishe. Kalamu ya kuazima haimtetei mtu.