Na ziwa letu litungiwe mashairi



Ndugu wasomaji, Maulidi yaliyopita watoto wa madrasa walituletea mashairi yao tuyapitie. Vina vilikaa sawa, mizani nane kwa nane, mashaallah. Lakini karibu yote yalijaa minazi, majahazi na upepo wa kusi. Watoto hawa wamezaliwa hapa Buyenzi, Bujumbura, na wengi wao hawajaiona bahari. Tulipomwuliza mmoja kusi huvuma miezi gani, alicheka tu.

Kosa si lao. Ni letu sisi tuliowazoesha kwamba shairi la Kiswahili lazima linukie pwani. Tenzi tulizosoma zilitoka Pate, Lamu na Mombasa, tukachukua lugha yake na mandhari yake pia.

Bora tungechukua macho ya watunzi wake. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, alipotunga Al-Inkishafi yapata miaka 200 iliyopita, alikuwa akiyatazama magofu ya Pate. Akatia ndani popo, ndege na wadudu waliohamia katika majumba ya matajiri. Hakuagiza mandhari kutoka Bara Arabu. Mawaidha yake yanatuingia kwa sababu msemaji ameona.

Nasi je? Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipanda, Gatumba ikajaa maji, watu wakahama na magodoro kichwani. Sisi hatukupokea hata ubeti mmoja.

Na hili si ziwa dogo. Ni la pili kwa kina duniani, karibu mita 1,470. Usiku wa giza wavuvi wa ndagala huwasha taa, na ukitazama kutoka mlimani utadhani kuna mji juu ya maji. Mbalamwezi ikitimia taa hazisaidii, na kila mama anayekwenda sokoni anajua bei itakuwaje. Kiangazi ukungu wa vumbi huificha milima ya Kongo. Mvua ikinyesha, inarudi, unaona hadi makorongo yake. Mshairi anataka nini zaidi?

Wapo wazee wetu wanaosema mukeke (ndugu zetu wa Kigoma humwita mgebuka) na Rusizi si maneno ya ushairi. Kwa heshima zote, hatukubaliani nao. Tanganyika ni mizani nne kamili, nusu ya kipande. Rusizi inapata kina na mizizi, na usingizi, na machozi.

Basi wazazi, kabla ya mashairi ya Maulidi yajayo, wapelekeni watoto ufukweni alasiri moja na daftari. Warudi kabla ya magharibi, viboko wasije wakawa wasikilizaji wa kwanza. Minazi hatuikatazi. Atakayeitaja tutamwuliza tu aliiona wapi.